Skrubu Aliyoiacha Kitwana

Mzenga, Kisarawe
6 Desemba 1953

Shemeji Mwinyimadi,

Salamu zangu zikufikie huko Mbwawa ukiwa mzima. Mimi mwili ni mzima, hayo mengine usiniulize. Barua yako ya rambirambi ilifika. Nimeisoma mara nyingi, maana ni wewe peke yako uliyeandika habari za Kitwana alivyokuwa akicheka. Wengine wote wameniandikia kwamba kila nafsi itaonja mauti, kama kwamba nilikuwa sijui.

Nipo edani. Tangu tumzike sijavuka mlango wa uani. Anayekaa nami ni Bi Biasha, shangazi yake marehemu, ambaye usingizi wake ni mzito na mazungumzo yake ni mepesi. Usiogope kupata barua ya mwanamke aliye edani. Mzee Mbaraka, ami yake marehemu, ameniruhusu nikuandikie kwa ajili ya gari, na Bi Biasha nitamsomea kila neno kabla sijaifunga bahasha.

Gari linatutesa, shemeji. Alfajiri linawaka vizuri, Maneno analipakia korosho na kuondoka. Maneno ndiye mdogo wake marehemu, unamkumbuka, ndiye dereva sasa. Jua likishapanda, wakifika kwenye kilima cha kuingia Kisarawe, linaanza kukohoa, linatoa moshi mweusi, linazima. Maneno anakaa chini ya mkorosho mpaka alasiri ndipo linakubali tena. Unakumbuka Kitwana aliliandika ubaoni «Haraka ya Nini». Sasa Mzenga nzima wanasema gari limelifuata jina lake.

Wazee wamekaa barazani kuzungumza juu yake, nami nimewasikia ukutani. Maneno anataka liuzwe, kila mrithi achukue fungu lake. Likiuzwa, mimi sina cha kukalia hapa. Nitarudi Kurui kwa kaka yangu, nikalale chumba cha wageni na kuuliza kama chumvi ninaruhusiwa kuigusa. Likibaki, Maneno ataliendesha, nami nitaishi kwa sehemu yangu katika nyumba hii aliyonijengea mume wangu. Mzee Mbaraka akakata shauri hivi: «Mwinyimadi ndiye aliyelichagua gari hili pamoja na marehemu walipotoka vitani. Aulizwe yeye. Akisema libaki, litabaki. Akisema liuzwe, liuzwe.» Watakungoja mpaka nitoke eda.

Basi kwanza tupe dawa ya gari, kisha utupe neno lako.

Shemeji yako,
Mwanahalima


Mbwawa, Kibaha
15 Desemba 1953

Shemeji Mwanahalima,

Barua yako imenikuta karakana, mikono imejaa grisi, nikaishika kwa pembe mpaka jioni. Ahsante kwa kuniandikia. Huku shambani kwenye mkonge watu ni wengi lakini mimi kila nikitoka kazini naingia chumbani kwangu, nakula, nalala. Mtu wa mwisho aliyekuja kunitembelea alikuwa Kitwana, mwaka juzi, na alikuja kuazima jeki.

Ugonjwa wa gari naujua. Mimi na Kitwana tuliuona Abisinia wakati wa vita, malori mazima yamepanga mstari juani hayataki kwenda. Yapo mambo mawili. La kwanza, bomba la petroli linapita karibu na bomba la moshi, na siku za joto petroli inachemka njiani kabla haijafika kwenye kabureta. Inayofika ni mvuke, na injini hainywi mvuke. Mwambie Maneno alivute bomba hilo mbali kidogo, alifunge kitambaa, na akisimama Kisarawe akiloweshe maji.

La pili ni kabureta yenyewe. Kabureta inachanganya petroli na hewa, kama wewe unavyochanganya unga na maji. Hewa ya joto ni nyepesi. Hewa ikipungua na petroli ikabaki ileile, uji unakuwa mzito, injini inapaliwa. Ndiyo maana ya moshi mweusi. Afungue plagi atazame. Zikiwa nyeusi kama chungu, basi petroli imezidi, na iko skrubu ndogo ubavuni mwa kabureta ya kuipunguza.

Sasa nina maswali. Kitwana aliigusa lini skrubu hiyo mara ya mwisho? Na jambo jingine: niandikie sauti ya gari. Inapokaribia kuzima inasemaje? Usimwachie Maneno, atakuandikia «inasumbua» na basi. Wewe umekaa na injini ile dirishani miaka yote, unaijua. Andika yote, hata yakiwa marefu.

Nisalimie Bi Biasha. Mwambie nimeisoma barua yake, maana isiyopita masikioni mwake haifungwi bahasha.

Mwinyimadi


Mzenga
28 Desemba 1953

Shemeji,

Bi Biasha amecheka mpaka kanga ikamdondoka. Anasema wewe hujabadilika.

Bomba limevutwa na kufungwa kitambaa. Limepata nafuu, linafika nusu ya kilima badala ya mguuni pake. Plagi ni nyeusi kama ulivyosema.

Umeniuliza Kitwana aliigusa lini skrubu. Mwezi wa Julai, kipupwe, asubuhi ya baridi. Alikuwa ameanza kukonda. Alitoka na bisibisi yake, akainamia injini, akazungusha, akasikiliza, akazungusha, kisha akaniita, «Mwana, sikia linavyoimba!» Akarudi ndani akalala. Hakushika chombo tena mpaka anakufa. Maneno alitaka kuizungusha nami nimemkataza. Nimemwambia, huo ni mkono wa kaka yako, ole wake atakayeugusa. Bi Biasha ameniunga mkono, anasema kitu cha marehemu kiache kama alivyokiacha mpaka eda iishe. Hata Maneno, pamoja na ubishi wake, alirudisha bisibisi. Tafuta dawa nyingine.

Sauti yake nakuandikia. Likiwashwa alfajiri linanguruma chini kwa chini, kama mtu anayesali kwa siri. Likirudi mchana na joto lake, mngurumo unakuwa mzito, halafu unarukaruka. Shika mdundo huu: puku-puku-puku, kimya, puku, kimya, puku-puku. Kisha linapiga kelele moja nyuma kama mtu aliyeangusha sufuria, na kuku wote wanakimbia. Halafu linazima, na nyumba yote inakuwa kimya, na mimi nasahau, namngoja mtu ashuke.

Sijui kwa nini nimekuandikia hilo la mwisho. Bi Biasha alikuwa amesinzia.

Mwanahalima


Mbwawa
9 Januari 1954

Shemeji Mwanahalima,

Nimeisoma barua yako na sauti ile nimeipata barabara, na lile la mwisho nimelipata pia. Mimi naye tulilala turubai moja miaka mitatu. Bado nikipata sigara naikata vipande viwili.

Sikiliza nikuambie, na usinikasirikie. Skrubu ile Kitwana aliipanga kwa ajili ya baridi. Julai hewa ni nzito, akaongeza petroli, ndipo likaimba. Kila mwaka kaskazi ikianza alikuwa akiifunga tena kidogo. Hukumwona kwa sababu alifanya Desemba alfajiri wewe ukiwa shambani. Mara hii Desemba haikumkuta. Angekuwapo angekwisha kuigusa. Mnalinda mkao wa mtu aliyekuwa katikati ya kazi.

Fanyeni hivi. Maneno alilete gari ubavuni mwa dirisha lako, mchana, likiwa na joto. Aliache likinguruma bila kukanyaga mafuta. Aifunge skrubu polepole sana. Mwanzo sauti itapanda, itakuwa nyepesi. Aendelee mpaka ianze kuyumba, halafu arudi nyuma kidogo mpaka itulie. Hapo aache. Wewe ndiye usikilize. Maneno ana nguvu za mkono lakini masikio yake ni ya mapambo.

Na ukimaliza niandikie ilivyokuwa. Niandikie na mengine, ukipenda. Watoto wa chuo cha Kurani wakisoma jioni wanasikikaje siku hizi? Mvua ikipiga makuti ya jikoni? Usiniulize ninayatakia nini.

Mwinyimadi


Mzenga
24 Januari 1954

Shemeji,

Siku nne sikusema na mtu kwa sababu ya barua yako. Siku ya tano nikamwita Maneno.

Alilileta gari mpaka dirishani, likanichafulia chumba kwa moshi. Kwa kuwa injini ingenizuia nisisikike, nilichukua sinia na mwiko. Tulipatana hivi: nikigonga mara moja afunge, nikigonga mara mbili arudishe, nikipiga mfululizo aache kabisa. Bi Biasha akakaa pembeni na tasbihi yake, akisema hajaona eda ya namna hii tangu azaliwe.

Nikagonga. Maneno akafunga. Ule uzito wa sauti ukaanza kutoka, shemeji, kama vile mtu anavyotua mzigo. Nikagonga tena. Sauti ikapanda, ikawa nyembamba, safi. Nikagonga tena, ikayumba. Nikagonga mara mbili, ikatulia. Nikapiga sinia mpaka mwiko ukakatika. Maneno alikuwa akicheka kule nje, nami nalia huku ndani, kwa sababu ilikuwa nzuri na haikuwa sauti aliyoniita niisikie. Ile imekwisha. Hakuna mtu duniani atakayeisikia tena.

Lakini kwa hakika umelitibu. Wiki hii limepanda kilima cha Kisarawe adhuhuri mara mbili, na mzigo, halikukohoa.

Hayo mengine uliyouliza: watoto wa chuo wanasoma kwa kupokezana, yupo mmoja mwenye kigugumizi ambaye wenzake wanamngoja, na akimaliza wote wanapumua pamoja. Mvua ya makuti haina kishindo, ni kama watu wengi wananong'ona habari moja. Sasa nami niulize, huko Kibaha hamna mvua? Hamna jogoo? Nahisi unanifanyia mzaha, lakini ni mzaha unaonipa kazi ya kufanya, kwa hiyo endelea.

Sasa neno lako. Eda yangu itakwisha mwezi wa Machi katikati, na wazee watakaa siku zilezile. Nilimwuliza Mzee Mbaraka kama ungeweza kuandika. Akakataa. Alisema, «Karatasi haiulizwi swali ikajibu. Nataka neno la kinywa chake.» Njoo, shemeji. Keti nao barazani, wakuulize, uwajibu kwamba gari ni zima na libaki. Nyumba yangu iko kinywani mwako.

Mwanahalima


Mbwawa
6 Februari 1954

Shemeji Mwanahalima,

Nimefurahi sana kwa habari ya gari. Yule mtoto wa kigugumizi nimemfikiria siku nyingi.

Kuja Mzenga sitaweza. Karakana ina kazi nyingi, mashine ya kuchambua mkonge imeharibika, na ruhusa haipatikani. Tena nimekuwa na homa. Naomba Maneno aje na gari huku. Ni vizuri zaidi, maana safari yote hiyo juani itakuwa ndiyo mtihani wake. Nitaishika injini kwa mkono wangu, kisha nitampa Maneno neno langu, alipeleke kwa wazee.

Niwie radhi.

Mwinyimadi


Mzenga
16 Februari 1954

Shemeji Mwinyimadi,

Kazi nyingi na homa, yote kwa pamoja. Haya.

Nilidhani mtu aliyelala turubai moja na mume wangu angepata siku moja ya kuja kuketi na jamaa zake. Labda unaogopa maneno ya watu. Nami ningeogopa kama ningekuwa na nafasi.

Mzee Mbaraka amekubali. Maneno atakuja Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, na neno utakalompa ana kwa ana ndilo litakalofuatwa. Nimetimiza.

Mwanahalima


Mbwawa
1 Machi 1954

Shemeji Mwanahalima,

Amekuja! Jua la saa sita, vumbi tupu, na gari halikuzimika hata mara moja. Nililiona kwa mbali barabarani nikasahau kofia.

Nimefungua boneti, nimeweka kiganja juu ya injini. Inatetemeka sawasawa, hairuki, hairegei. Masikio yako na sinia lako yamefanya kazi ambayo mafundi wa hapa wangeiharibu. Nilikaa nimeinamia pale kwa muda mrefu. Nilimkumbuka sana mwenzangu. Maneno alikuwa nyuma yangu na bwana mmoja wa Mlandizi aliyempakia njiani, wakizungumza na kuulizana, nami nikawa naitikia kwa kichwa na kucheka nao kwa furaha. Yule bwana alinipa mkono mara mbili. Watu wema.

Nilimwambia Maneno, «Gari ni zima, kawaambie wazee,» naye amelichukua neno langu. Sasa lala kwa amani katika nyumba yako.

Gari likiwa zima, nadhani hutakuwa na sababu ya kuniandikia tena. Ukiipata yoyote, hata ndogo, ni karibu.

Mwinyimadi


Mzenga
7 Machi 1954

Bwana Mwinyimadi,

Lala kwa amani! Umeniuza, halafu unanibembeleza nilale.

Maneno amerudi na furaha yake. Bwana wa Mlandizi amelitaka gari. Aliliona linapanda kilima adhuhuri akalipenda hapohapo, akapanda aje amwone fundi wake. Likiwa bovu hakulitaka mtu. Tumelitibu ili lipate mnunuzi. Maneno anasema alikuuliza waziwazi, huku mkono wako umo ndani ya boneti: «Kaka Mwinyimadi, huyu bwana analitaka gari. Wazee wamesema neno ni lako. Tuliuze?» Nawe ukaitikia kwa kichwa. Akakuuliza mara ya pili, maana hata yeye hakuamini. Ukaitikia tena na kucheka, ukapeana mkono na mnunuzi. Mashahidi wapo. Mzee Mbaraka amesema basi, neno limetoka. Wazee wakikaa, mnunuzi atakuja kulichukua.

Miezi yote hii nimekuandikia mpaka mambo ambayo sikumwambia Bi Biasha. Nimekuandikia mvua! Ulikuwa unanicheka? Ungesema tu kwamba hutaki kujiingiza, nisingekulaumu. Kaka yangu amekwisha kutuma salamu, chumba cha wageni kimefagiliwa.

Sihitaji jibu.

Mwanahalima binti Saburi


Mbwawa
12 Machi 1954

Shemeji Mwanahalima,

Hukutaka jibu, nami nakuomba ulisome hili mara moja peke yako na mara ya pili mbele ya Mzee Mbaraka na wazee wote, kwa sauti, bila kuruka neno.

Sisikii.

Sikio la kushoto nililiacha vitani. La kulia limeliwa na mashine ya mkonge, kidogo kidogo, mpaka mwaka jana kabla ya mfungo likazima kabisa. Sikumwambia mtu. Kiziwi haruhusiwi kukaa karibu na mashine, na nikitoka karakana natoka na chumba, maana chumba ni cha kazi. Kwa hiyo nimejifunza kutazama midomo. Watu niliowazoea nawapata vizuri. Nisiowazoea naitikia kwa kichwa na kucheka, na mara nyingi inatosha, kwa sababu watu hawaulizi mambo makubwa. Injini naishika kwa kiganja.

Ndiyo sababu sikuja kwenu. Ningeketi barazani na wazee saba wenye ndevu, nisijue nani ananiuliza nini, ningeaibika na kumwaibisha marehemu. Nilidhani Maneno peke yake nitammudu. Lakini amefuga masharubu, na alinisemea mgongoni nikiwa nimeinamia injini. Walipozungumza sikusikia hata mkwaruzo. Kila nilipohisi mtu ananigusa bega niligeuka nikaona nyuso zinacheka, nami nikacheka. Nikaitikia. Sikujua naitikia nini, na nilipomwambia Maneno gari ni zima nilidhani nimesema libaki. Nilikuwa na furaha, shemeji, mtu wa furaha anaitikia ovyo.

Wazee wangu, neno langu ni hili: gari ni zima, libaki. Ile iliyotoka Mbwawa haikuwa neno, ilikuwa shingo ya kiziwi. Mnunuzi namtaka radhi, na Maneno pia, hakukosa.

Barua hii ikisomwa Mzenga, habari zitafika huku zenyewe. Kwa hiyo asubuhi nimekwenda kwa msimamizi nikamwambia kwa kinywa changu. Alisema maneno mengi. Niliyoyaona ni «mwisho wa mwezi». Sijui nitaelekea wapi, lakini hilo si la kusoma mbele ya wazee, ukitaka liruke.

Na la kwako peke yako ni hili. Sikukucheka. Tangu sikio lizime, mvua ya kwanza niliyoisikia ni ile uliyoniandikia wewe.

Mwinyimadi


Mzenga
24 Machi 1954

Shemeji Mwinyimadi,

Nimetoka eda. Nimeoga, nimevaa nguo nyingine, nimevuka mlango wa uani na jua limeniumiza macho.

Barua yako niliisoma barazani mbele ya wazee wote, nimesimama. Sikuruka hata lile uliloniambia niliruke. La mwisho tu ndilo nililibakiza. Nilipomaliza nikaikunja barua. Mzee Mbaraka akamgeukia Maneno: «Ulipomwuliza, alikuwa anakutazama?»

Maneno akasema, «Alikuwa ameinamia injini, mzee.»

«Na mara ya pili?»

«Mara ya pili pia.»

«Na shikamoo yako aliiitikia?»

Maneno akafikiri. Kisha akajifunika uso kwa mikono yake miwili. Akasema alipofika alikuamkia ukiwa umempa mgongo, hukujibu, akadhani umekuwa na majivuno ya watu wa karakana. Akasema yeye ndiye mwenye makosa, aende mwenyewe akavunje mapatano na mnunuzi. Amekwenda Mlandizi juzi, na jana asubuhi alikwenda kwa kinyozi. Masharubu hayapo. Amekuwa kama kifaranga, Bi Biasha hawezi kumtazama bila kucheka.

Gari linabaki. Nyumba yangu nimo ndani yake, ndimo ninamokuandikia. Usiku ni kimya kama ulivyokuwa, sitakudanganya. Kuna wakati nageuka kumwambia Kitwana kwamba tumelitibu gari lake. Hilo halina fundi.

Sasa lako. Mzee Mbaraka anasema gari haliwezi kuishi kwa barua, linataka mtu wa kulishika kila siku, na chumba cha uani kwake kiko wazi tangu mwanawe aende Dar es Salaam. Ni kwake, si kwangu, kwa hiyo watu wasipate la kusema, ingawa watalipata. Masika inaingia na hewa itakuwa nzito tena. Nani ataifungua ile skrubu? Maneno ana mikono. Mimi nina masikio. Tumepungukiwa na mtu anayejua.

Nimekasirika sana nawe, na bado sijamaliza. Nilipokuandikia kwa hasira nilikuwa sijui. Lakini wewe ulijua mwaka mzima, ukakaa huko peke yako ukiitikia watu kwa kichwa. Ungeniambia, ningeandika kwa herufi kubwa zaidi.

Tunakuja kukuchukua Jumamosi. Mzee Mbaraka atakuwa mbele na dereva, mimi na Bi Biasha tutakaa nyuma juu ya magunia. Funga vitu vyako. Ukiwa umeinamia kazi yako usiwe na hofu, hakuna atakayekuita kwa jina wala kukugusa bega. Nitashuka, nizunguke taratibu mpaka nisimame mbele ya macho yako, nikungoje unitazame. Ndipo nitakapokuamkia.

Mwanahalima